Miwani ya Kumsalimia Mama Mkwe

Nianze na hili tusije tukagombana baadaye: sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya barabara pale Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, na mimi nikampita juu ya baiskeli huku naimba, bila kushuka, bila shikamoo, bila hata kupiga kengele. Hayo yote ni kweli na sibishi. Lakini mtu asiyeona hawezi kudharau.

Mimi ni fundi cherehani. Nina miaka hamsini na kitu, na hicho kitu kinazidi kukua. Macho yangu yaliumbwa kwa ajili ya kazi yangu. Uzi natunga kwenye sindano hata umeme ukikatika, ila mtu akisimama ng'ambo ya barabara, kwangu mimi ni nguo inayotembea. Miwani ninayo, ya siku nyingi, ya kuonea mbali. Shida ni kwamba miwani hiyo na baiskeli havikupatana tangu siku ya kwanza. Ukipanda kilima cha Butimba jasho linatiririka, miwani inateleza mpaka ncha ya pua. Ukitaka kuisukuma kwa kidole, usukani unayumba, na bodaboda aliye nyuma yako anakutukana wewe na ukoo wako. Siku moja ilinianguka barabarani na gurudumu langu mwenyewe likaikosa kidogo tu. Basi nikawa naiacha nyumbani juu ya kabati, naendesha kwa imani.

Na kuendesha nilikuwa nakupenda, jamani! Daktari aliniambia nitembee kwa sababu ya presha. Nikajaribu kutembea, nikaona kunachosha, nikanunua baiskeli. Asubuhi nashuka kilima, suruali chini ya gauni, helmeti ya njano kichwani, upepo unaingia mpaka kwapani, nami naimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo kwaya yenyewe ilishaniomba niipunguze. Nani wa kunizuia? Hakuna.

Siku hiyo ya kumpita mama mkwe nilirudi nyumbani nimechangamka, nikapika, nikapakua. Mume wangu akawa anachezea ugali kama mtoto mgonjwa.

"Mama alikuja leo," akasema.

"Makubwa! Yuko wapi?"

"Amerudi."

"Amerudi wapi na hajala?"

"Amerudi kwake. Alishuka stendi, akanisubiri, mimi nikachelewa. Anasema alikusikia unaimba. Akakuita. Ukampita kama kisiki. Akapanda basi lingine, akageuza."

Nilichoka. Kwao, upande wa pili wa daraja la Busisi, mtu ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mtu mzima, unashuka. Uwe na haraka, uwe umebeba mkungu wa ndizi, unashuka. Na mwanamke akikutana na mama wa mume wake, anashuka na kupiga goti, hapo hapo, tope au vumbi. Mimi ni Mhaya, kupiga goti nimefundishwa tangu nikiwa natambaa, kwa hiyo sikuwa na pa kujifichia.

"Na amesema neno jingine," mume wangu akaongeza, akiangalia mboga. "Amesema Mhaya akiwa chini tu anaringa, sasa ukishampandisha juu ya baiskeli atamwona nani?"

Kwa kawaida utani huo ningeujibu mpaka majirani wacheke. Siku hiyo nililia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado bibi harusi, hata mikeka ya harusi haijakunjwa. Huyu wa Busisi ndiye aliyekaa nami kitandani nilipojifungua, akanikanda kwa maji ya moto, akanilisha uji kwa mkono wake, akanifundisha kuchagua dagaa. Huyu ndiye mama niliyebaki naye. Nikampigia simu, hakupokea. Nikampigia kwa namba ya mume wangu, akasikia sauti yangu, akakata.

Kesho yake nikaapa kwamba sitampita mtu tena. Yeyote mwenye kitenge na umri, nashuka. Tatizo la kutoona mbali, mwenzangu, ni kwamba kila mtu anakuwa na umri. Nilimshukia mama mmoja mtaani, nikapiga goti, "Shikamoo mama," kumbe ni msichana ninayemshonea sare. Alishtuka hata akasahau alikokuwa anakwenda. Lakini kilele kilikuwa Mkolani. Niliona kwa mbali mama mnene, mfupi, ametulia pembeni mwa barabara, kitenge cha bluu kimemkaa sawasawa. Nikafunga breki, nikashuka, nikapiga goti kwenye vumbi.

"Shikamoo mama."

Kimya. Nikajisemea, huyu naye nimemkosea lini?

"Shikamoo mama!"

Sauti nzito ya kiume ikajibu kutoka nyuma yake: "Marahaba. Unataka gunia zima au debe?"

Nilikuwa nimelipigia goti gunia la mkaa lililofunikwa kitenge lisinyeshewe. Na kitenge chenyewe, nilipokisogelea, kilikuwa kizuri kweli. Nilimuuliza yule baba alikinunua wapi.

Nikarudi kwenye ufundi wangu. Nikachukua mpira wa kiunoni, ule wa kutia kwenye sketi, nikaushona kwenye mikono ya miwani yangu ya zamani, nikauvuta nyuma ya kichwa. Ilikaa, siyo siri. Ilikaa hata kope zikawa zinagonga vioo. Nilipoanza kupanda kilima, joto la uso likapanda kwenye vioo, ukungu ukatanda, dunia yote ikawa nyeupe, nikaingia mtaroni na baiskeli yangu. Mume wangu ndiye aliyekuja kunitoa. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona siku hiyo mimi sicheki, akainuka akanipangusa tope.

"Nitakwenda kwa mama," akasema.

Alikwenda, akarudi na majibu. "Amesema ukamsalimie barabarani, maana ndiko ulikompita. Jumapili, akitoka kanisani, njia ya kuja darajani. Uje na baiskeli ile ile. Ukimwona, ushuke. Ukimpita tena, basi."

Hilo "basi" lilinifuata mpaka kwenye cherehani wiki nzima. Mume wangu akasema angenipeleka kwa gari la rafiki yake, nikamkatalia. Mama kasema baiskeli, ni baiskeli.

Duka la miwani lilikuwa mjini, ghorofani. Nilipanda ngazi na helmeti yangu mkononi. Nikamkuta mpimaji wa macho, binti mwenye ushungi wa kijivu, mpole, lakini mcheshi wa chini chini.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka miwani ya kumwona mama mkwe nikiwa kwenye baiskeli."

Akaweka kalamu chini. "Anakuwa umbali gani?"

"Nani?"

"Mama mkwe."

Hapo nikajua nimefika. Nilimweleza yote, pamoja na gunia la mkaa, naye akasikiliza huku amejiziba mdomo kwa ncha ya ushungi, mabega yanatikisika. Akanipima. Herufi za juu nilizisoma, za katikati nilizibahatisha, za chini nilimwambia hazipo. Kisha akanifungulia kabati la fremu, na mimi akili ikaniruka. Nilichagua ya dhahabu, nyembamba, ya kifahari. Kwenye kioo nilionekana mke wa waziri.

"Nzuri," binti akasema, akaipachika vioo vya majaribio. "Sasa inama."

"Niiname?"

"Kwenye baiskeli unakaaje?"

Nikageuza kiti, nikakipanda, nikashika mgongo wake kama usukani, nikainama. Ukiinama hivyo unatazama mbele kwa juu ya macho, na ukingo wa juu wa ile fremu ya dhahabu ukampita yule binti shingoni. Chini ya ukingo nikaona mwili safi. Juu yake nikaona wingu.

"Mama mkwe hana kichwa!" nikapiga kelele.

"Basi hiyo siyo yako."

Akaniletea ya aina ile ambayo juu unaonea mbali na chini unasomea. Nikajaribu kuangalia pale ambapo gurudumu la mbele lingekuwa, sakafu ikanipandia usoni, nikashika kiti kwa mikono miwili. Na hiyo ikarudi kabatini. Akaleta nyingine ambayo mikono yake ilijikunja nyuma ya sikio. Nilipovaa helmeti, kamba za helmeti na mikono ya miwani vikaanza kugombana, nikavutwa sikio kama mwanafunzi mtoro.

Ya mwisho aliitoa chini kabisa ya droo, nadhani kwa haya. Ilikuwa pana, imejikunja kufuata uso mpaka pembeni ili upepo na vumbi visipite, puani ina mpira laini wa kuzuia kuteleza, mikono yake imenyooka inaingia chini ya helmeti bila ubishi. Vioo vyake siyo kioo, ni plastiki ngumu, akasema, kwamba nikianguka haviwezi kunivunjikia jichoni. Nikavaa, nikapanda kiti, nikainama, nikatikisa kichwa kulia, kushoto, nikaruka ruka kama niko kwenye mawe ya Butimba. Haikusogea. Nikajitazama kwenye kioo. Nilifanana na senene, yule panzi tunayemkaanga kwetu, macho makubwa pembeni na kichwa cha njano juu. Na mimi Mhaya, senene nitamkataaje?

Tukabishana kwenye vioo tu. Yeye alitaka vile vinavyogeuka vyeusi juani na kurudi vyeupe kivulini. "Mama, saa tano darajani jua linapiga kwenye maji linakurudia usoni. Utaumia."

"Wewe ukikutana na mama mkwe wako utamsalimia umevaa miwani nyeusi?"

Akafikiria. "Hapana. Astaghafirullah."

"Ataniuliza nimekuja kumsalimia au nimekuja ufukweni. Anataka aone macho yangu. Weka vyeupe. Bora nilie machozi ya jua."

Nilipoitwa kuichukua, nilikwenda na baiskeli. Nilimwambia binti kwamba kitu cha baiskeli hakijaribiwi kwenye kiti. Akacheka, akavua koti lake jeupe, akashuka ngazi na mimi. "Mimi ndiye mama mkwe," akasema. "Naenda kule kwenye kona ya wauza matunda. Nitafute." Akapotea katikati ya watu.

Nikapanda baiskeli, nikavaa miwani. Ewe Mola! Majani ya miti yalikuwa moja moja! Mimi nilizoea mti ni rangi ya kijani iliyomwagika. Niliyaona mawe juu ya vilima, na nyumba zilizokaa juu ya mawe, na nguo zilizoanikwa kwenye nyumba hizo, hata nikaona shati moja kola yake imeshonwa vibaya. Nilimwona baba mtu mzima anajichokonoa pua akidhani yuko peke yake duniani. Macho hayana pazia. Nilicheka peke yangu juu ya baiskeli kama mwendawazimu. Na kule mbele, kati ya mapapai na maembe, nikaona ushungi wa kijivu umenipa mgongo, na chini yake viatu vya bluu vya yule binti. Nikafunga breki, nikashuka, nikapiga goti.

"Shikamoo mama mkwe!"

Akageuka amejikunja mgongo, sauti ya kizee: "Marahaba, mkwe wangu. Ulichelewa wapi, mwanangu?"

Wauza matunda walishangilia. Mama mmoja wa ndizi akasema na yeye asalimiwe, nikamsalimia, akanipa ndizi. Nilirudi nyumbani naimba njia nzima.

Jumapili nilitoka alfajiri. Mume wangu aliniombea dua mlangoni, akasema mambo ya wanawake yeye hamo, akarudi kulala. Buhongwa nikaipita naimba, Usagara nikakata kuelekea ziwani naimba, chupa ya maji imeisha, miguu inawaka moto, moyo mweupe. Niliwashukia wazee wa kweli kila nilipowaona, na safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa mkaa.

Nikaingia darajani. Ziwa kulia, ziwa kushoto, kivuko cha zamani wala sikukikumbuka. Na katikati ya daraja nikaona moshi unapanda kutoka majini. Siyo moshi, ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kwa mamilioni ukadhani kuna mtu anachoma taka. Waliniingia masikioni, shingoni, kwenye kola. Machoni hawakupata njia. Miwani ilinikinga, wakawa wanagonga tik tik tik kwenye plastiki. Lakini mdomo niliufunga. Wimbo ukaishia hapo, nikavuka daraja lote kimya, napumulia puani kama ng'ombe.

Na upande wa pili, nikiwa bado naufungua mdomo taratibu kuona kama ni salama, nilimwona.

Nilimwona mbali kabisa! Watu walikuwa wanatoka kanisani kwa mafungu, na yeye akitembea peke yake pembeni, kilemba cheupe, gauni la zambarau nililomshonea mwenyewe, hata vile vifungo vya shingoni nilivyohangaika kuvipata nikaviona. Nikashuka. Nikaegemeza baiskeli kwenye kingo, nikavua helmeti, nikafuta wadudu usoni, nikapiga goti kwenye lami iliyopata moto. Sikumwita. Shikamoo ya mbali ni ya kupiga kelele, na mkwe hapigiwi kelele. Nikainamisha kichwa, nikamngoja afike. Furaha ilinijaa, nikawa nauma midomo nisicheke.

Akaja. Jua lilikuwa kali na mwamvuli wake ulikuwa umefungwa, anaugonga gonga kwenye ukingo wa barabara. Akanifikia. Gauni lake likanigusa bega. Akanipita.

Hasira zilizonipanda, wee! Yaani nimeendesha kutoka Butimba, nimevamiwa na wadudu, nimepiga goti juu ya moto, halafu ananilipiza? Nikageuka pale pale nikiwa nimepiga goti, mdomo wazi, nimtolee uvivu. Na hapo nikamwona anasimama mbele ya vile vinguzo vya zege vilivyopangwa pembeni mwa barabara, vilivyopakwa rangi nyeupe na nyekundu. Akainamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Mwangaluka," akasema. Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Alivisalimia vinguzo kwa upole wote, akangoja viitikie.

Nilikumbuka gunia langu la mkaa. Hasira zote zikaniishia miguuni.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akageuka, lakini uso wake ulitazama pembeni yangu, kwenye baiskeli.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona hukuimba?"

"Wadudu, mama. Nilifunga mdomo."

Nilisimama nikamshika mkono. Akaanza kusema polepole, bila kunitazama, na sasa nilijua kwa nini hanitazami.

"Siku ile pale Nyegezi magari yalikuwa yananguruma tu. Sijui yako wapi, sijui yanatoka wapi. Nikaogopa kuvuka, nikaogopa na kusimama. Halafu nikakusikia unaimba. Nikasema, asante Mungu, mwanangu huyo, atanivusha. Nikakuita. Ukapita."

"Kwa nini hukusema kwamba huoni, mama?"

"Nikisema nimepitwa, watu wanamkasirikia aliyenipita. Nikisema sioni, wanangu watanihamisha kwangu, wanikalishe kwenye kochi mjini. Sitaki."

Nililia, nikavua miwani niifute. Akanyoosha mkono, akaipapasa, akafuata ule mkunjo wake kwa vidole mpaka pembeni.

"Ndiyo hii uliyoinunua kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ina umbo gani hili? Kama mdudu."

"Senene, mama."

Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu kabla ya Nyegezi. Akaivaa, akageuza uso kulia, kushoto, akanirudishia. "Ukungu ule ule," akasema. Nikamwambia kuna binti mjini, mpole, tutakwenda mimi na yeye tu, na wanawe hatutawaambia mpaka atakapotaka mwenyewe. Hakukubali wala hakukataa. Alisema kuna samaki jikoni na kwamba nimekonda.

Nikashika usukani, nikaanza kuisukuma baiskeli kuelekea kwake. Yeye akaweka mkono wake kwenye keria ya nyuma, akaubana mwamvuli kwapani.

"Imba," akasema, "nijue unakokwenda."

Wadudu walikuwa bado wapo. Niliimba hivyo hivyo, kwa sauti yangu yote. Waliponiingia mdomoni niliwameza, nikaendelea.